Mlango wa Chumba cha Bi Ummy

Uji ulikuwa bado wa moto Hidaya alipofika hospitali ya mkoa. Aliupika kwa ulezi na maziwa kidogo, akautia kwenye chupa ya chai, akaizungushia kanga ili usipoe, kwa sababu Bi Ummy tangu apigwe na kiharusi hatafuni, na uji wa baridi huutema. Hidaya alikuwa ametoka Ilagala asubuhi ile ile, msibani kwa mama yake mdogo, na vumbi la safari hajalikung'uta. Mumewe Swaibu alimpokea barazani, kabla hajatua hata mzigo, akamwambia, "Shangazi alizidiwa ulipokuwa huko. Nimemlaza hospitali." Wodi gani, hakusema.

Mlinzi wa getini alisema saa ya kuona wagonjwa bado. Hidaya akamwomba, akamwita kaka, akamwita baba. Mlinzi akaitazama ile chupa akauliza ndani mna nini. Akaambiwa. Akatoa kikombe chake cha bati chini ya benchi, akakishika mbele yake, na Hidaya akammiminia uji wa mgonjwa. Alikunywa taratibu, akapangusa mdomo, ndipo akafungua geti.

Wodi ya wanawake ilikuwa imefurika. Ulikuwa ule mwaka ambao ng'ambo nzima ya ziwa ilivuka kuja upande huu, wengine na vidonda vya risasi, wengine na kipindupindu, na wagonjwa walilala hadi chini ya vitanda. Hidaya alipita akiinamia kila uso. Muuguzi wa zamu akamuuliza anamtafuta nani.

"Ummy binti Feruzi. Mtu mzima, upande mmoja umelala. Ameletwa juzi."

"Hatujapokea mtu wa kiharusi wiki hii, mama."

"Ameletwa na mwana wa kaka yake. Mrefu, mweusi, ana pengo."

"Nakwambia hatujapokea." Muuguzi akashusha sauti. "Umeshaangalia kule nyuma?"

Kule nyuma ni mochwari. Hidaya aliingia na chupa yake kwapani, akafunuliwa waliokuwamo, akawatazama mmoja mmoja. Bi Ummy hakuwamo. Alitoka mle akimshukuru Mungu, na shukrani haijamtoka mdomoni hasira ikampanda, maana mtu akikosekana wodini na mochwari pia akakosekana, basi kuna aliyedanganya. Na huyo mwongo alikuwa anamjua, kalala naye kitanda kimoja miaka yote.

Nyumbani alikuta harufu ya chokaa. Nyumba ya Bi Ummy ni ya zamani, ipo mtaa wa nyuma ya msikiti, kuta nene za udongo na baraza pana la kukaa watu. Mafundi wawili walikuwa ndani ya chumba cha mgonjwa wakipaka ukuta. Kitanda cha kamba kimetupwa uani. Gari jeupe la shirika moja la wakimbizi ndiyo kwanza lilikuwa linakata kona kuondoka.

"Baba, shangazi yuko wapi?" Hidaya alimuuliza mumewe.

"Si nimeshakwambia."

"Nimetoka huko. Hata mochwari nimeingia."

Swaibu akamgeukia fundi. "Ile kona rudia, bado yaonekana masizi." Kisha akamshika mkewe mkono, akamvuta hadi jikoni. "Nisikilize, na usinipandishie sauti mbele ya mafundi. Shangazi nimemrudisha kwa watu wake."

"Watu wake wepi? Si ndio sisi?"

"Mama yake alikuwa nani? Mbembe. Alitoka wapi? Ng'ambo. Na tangu augue anasema lugha gani? Kiswahili kimemtoka chote, kutwa ni Kibembe cha mama yake, sisi hatumwelewi, yeye hatuelewi. Basi Jumatatu alfajiri boti limeshusha watu pale Kibirizi, vikongwe tele. Wanapewa mablanketi, wanapewa uji wa sukari, madaktari wa kizungu wanawapima. Nimemkalisha pale kati yao. Wakamuuliza jina, akawajibu hichohicho Kibembe chake. Wakampakia. Sasa atatunzwa kuliko hapa."

"Ulimpeleka na nini?"

"Mkokoteni."

Hidaya aliiweka chini ile chupa ya uji. Swaibu akadhani amemwelewa, akalainika. Akaeleza kwamba lile shirika linatafuta nyumba za wafanyakazi wake, kwamba wanalipa kwa dola na wanatanguliza mwaka mzima, na wao wawili watahamia Bangwe kwenye vyumba vya kupanga huku wakila kodi. "Dola, Hidaya. Mungu akikupa kilemba usiseme kichwa changu kidogo."

Hebu tuulizane. Katika Ujiji hii, nani ambaye bibi yake hakuvuka ziwa? Watu wameuzana hapa, wameoana hapa, wamezikana hapa, na kila ukoo una bibi aliyetoka Umanyema au Ubembe. Huyo mama wa Kibembe aliyesemwa ndiye aliyemzaa Bi Ummy, akamzaa pia baba yake Swaibu, tumbo moja. Kama Bi Ummy ni mkimbizi, basi Swaibu ni mjukuu wa mkimbizi, na hiyo mikono aliyosukumia mkokoteni ameirithi kwake. Lakini tamaa ikishaingia mtu hahesabu ukoo, anahesabu kodi.

Hidaya alitoka akakaa ukingoni mwa kile kitanda cha kamba uani. Kwenye mguu wa kitanda, upande wa kichwani, palikuwa na kipande cha kamba ya nailoni ya kufumia nyavu, bado kimefungwa. Alikuwa anakijua. Bi Ummy alianza kujikokota hadi barazani, akikaa pale kifua wazi akiita watu kwa lugha wasiyoielewa, na Swaibu akasema anawaaibisha. Ndipo akaanza kumfunga ule mkono mzima, usiopooza, kwenye kitanda kila akitoka. Akijikojolea, anapigwa makofi. Akilia, mlango unafungwa kwa kufuli. Na ufunguo wa kufuli ulikaa kwenye pindo la kanga ya Hidaya.

Mtu atauliza kwa nini alinyamaza, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni la kukasirisha. Bi Ummy ndiye aliyekuwa somo yake. Nusu ya wanawake wa mtaa ule waliingia kwake wari, wakakaa ndani, wakafundwa namna ya kuishi na mume, na alilolirudia kuliko yote ni hili: "Nyumba ni tumbo. La tumboni halianikwi sokoni." Mwari alilisema huku amepiga magoti, mpaka likamkaa. Hidaya alilishika vizuri kuliko wenzake wote. Alilishika hata pale aliyekuwa anapigwa ndani ya tumbo hilo alipokuwa ndiye yule aliyelifundisha.

Aliifungua ile kamba mguuni mwa kitanda, akaitia kwenye pindo palipokuwa na ufunguo, akatoka bila kuaga.

Nesi Rozalia wa zahanati ya kata alikuwa Muha wa Kasulu, mwanamke mnene asiyependa kuchezewa. Aliitikia "Mwidiwe", salamu ya Kiha, ya mgonjwa mmoja wa mlangoni, akamvuta Hidaya ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiomba ile kamba, akaishika.

"Nilijua," akasema. "Mumeo alimleta yule mama kabla ya Ramadhani, kifundo cha mkono kimevimba, kimechimbika mviringo. Akaniambia ameanguka. Mtu hawezi kuanguka akapata alama ya bangili."

"Ukafanyaje?"

"Nikampaka dawa."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe?"

Wakatazamana, kila mmoja akiwa na la kumwambia mwenzake, na yote ya haki. Mwishowe Rozalia akavua koti lake jeupe, halafu akaghairi akalivaa tena. "Nitakwenda nalo," akasema. "Mbele ya hawa watu koti linasikilizwa kuliko mimi."

Walianzia mjini Kigoma, kwa afisa ustawi wa jamii, Bwana Dismasi. Alikuwa na ofisi yenye meza moja na kiti kimoja, kwa hiyo wao walisimama. Aliwasikiliza akitingisha kichwa kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo ilimuudhi Hidaya zaidi.

"Ni jambo la kusikitisha," Dismasi akasema. "Hata mjumbe wa mtaa wenu alishawahi kunidokeza kwamba kuna mama haonekani tena barazani. Lakini mtu mzima ana ndugu zake, serikali haiwezi kuingia vyumbani mwa watu. Na sasa keshaandikishwa mkimbizi. Mkimbizi si wangu. Hayo ni ya mashirika."

"Alipokuwa wako ulimfanyia nini?" Rozalia akauliza.

"Nesi, sina gari. Sina hata baiskeli."

"Miguu unayo. Simama."

"Twende wapi?"

"Polisi. Nikienda peke yangu wataniuliza ustawi wamesemaje. Nikirudi kwako utaniuliza polisi wamesemaje. Sitaki kuwa tarishi wenu. Hayo maneno yako utakwenda kuyasema mwenyewe, mimi nikisikia."

Dismasi aliangalia kushoto na kulia kana kwamba kuna mtu wa kumwokoa. Kwa haya tu, kwa kuwa wanawake wawili walikuwa wanamtazama na mmoja amevaa koti la hospitali, akachukua mwavuli wake akafuata.

Kituoni, Afande Martini aliuliza kwanza kama kuna maiti. Alipoambiwa hakuna, akaegemea nyuma. Akasema hata yeye aliwahi kupita mtaa ule akasikia mtu anapigwa, akagonga, Swaibu akamwambia ni mgonjwa wa majini anatulizwa. "Nikaona ni mambo ya familia. Mkileta mlalamikaji tutafungua jalada. Mlalamikaji ni huyo mama mwenyewe, si nyinyi."

"Huyo mama hana kauli," Hidaya akasema.

"Basi kesi haina mtu."

Hidaya akacheka kicheko kibaya. Mwenye ulimi wa kulalamika asingefungwa kamba tangu mwanzo. Hebu ona watu hawa. Nesi alikuwa na alama ya kamba, afisa ustawi alikuwa na habari ya kutoonekana, polisi alikuwa na kelele, na wote wanapanga foleni kwenye mashine moja ya kusaga. Kila mmoja alikuwa amekalia kipande chake. Laiti siku moja wangeuliziana habari, Bi Ummy angekuwa barazani kwake sasa hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ofisi zikificha maradhi anayeumbuka ni mgonjwa.

"Afande, simama na wewe," Rozalia akasema.

Hakusimama kwa ajili ya Rozalia. Alisimama pale Dismasi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuona aibu ya kuwa pale peke yake, alipomwambia kwa sauti ya chini, "Afande, twende tu. Baadaye tusije tukaulizwa."

Ofisi ya shirika ilikuwa na geti la chuma na mlinzi mwenye redio ya upepo. Hidaya aliambiwa akae nje kwa kuwa hana kitambulisho. Wenzake wawili waliokuwa na sare na yule mwenye mwavuli wakaruhusiwa. Alisimama juani. Walipoingia mlangoni, afisa mmoja alitoka kuwapokea, kijana nadhifu aitwaye Feliksi, na jicho lake likapita juu ya mabega yao, likamwona mwanamke wa getini.

"Huyo si mama mwenye nyumba ya kule Ujiji?" akasema. "Mwacheni aingie. Leo nimetoka kwake kupima vyumba, tukapishana naye kwenye kona."

Hidaya akaingia. Akaletewa soda. Hakuigusa.

"Mimi si mwenye nyumba," akasema. "Mwenye nyumba mmempakia kwenye lori lenu Jumatatu, pale Kibirizi. Yuko kambini kwenu analala chini, na nyinyi mnataka kulala chumbani kwake. Kodi yenu ya mwaka ndiyo iliyomtoa."

Feliksi alitabasamu kwanza, kwa sababu alidhani hajasikia vizuri. Kisha tabasamu likamwishia. Akaanza kusema kwamba yeye ni wa nyumba na magari tu, mambo ya ulinzi wa wakimbizi yana idara yake, na kama huyo bibi si mkimbizi basi kwa kweli si wao tena. Rozalia akaipiga kofi meza, meza si Feliksi, soda ikayumba.

"Mwenzako wa ustawi anasema si wake kwa kuwa ni mkimbizi. Wewe unasema si wako kwa kuwa si mkimbizi. Afande anasema si wake kwa kuwa hajafa. Haya, leo mko chumba kimoja. Semezaneni. Huyu bibi ni wa nani?"

Hatimaye Dismasi akakohoa. Akasema kwamba akimwona kwa macho na kuthibitisha ni mkazi, anaweza kumdai arudi. Afande Martini akasema kwamba nesi akimweleza jeraha, yeye anaweza kufungua jalada bila mlalamikaji. Walisema kama watu wanaokumbuka jambo walilofundishwa zamani. Feliksi akainuka, akafunga dirisha, akalifungua tena.

"Gari lipo," akasema. "Linapeleka unga. Ila mtakaa juu ya magunia."

Kambi ilikuwa ndani porini, udongo mwekundu na mahema ya plastiki hadi upeo wa macho. Mkuu wa kambi hakuwapokea vizuri. Alisema watu huja kila siku na maneno matamu kuchukua wakimbizi, kisha unasikia wamewekwa kulima mashamba bila malipo. "Mtu hatoki hapa kwa hadithi," akasema. Kwa mara ya kwanza siku ile Hidaya alimkuta mwenye ofisi anayemlinda Bi Ummy, na alikuwa anamlinda dhidi yao.

Tabibu wa kambi, Nehemia, aliwaongoza kwenye hema la wagonjwa. Njiani alizungumza na Rozalia peke yake, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa na jambo moyoni muda mrefu. "Nilimpokea ana vidonda vya mgongo vya zamani, vya kulala bila kugeuzwa. Na mkono una makovu mviringo. Nikasema haya si ya vita. Watu wa vita wanakimbia, hawafungwi kitandani miezi. Nikawaambia wakubwa waulize Ujiji. Wakaniambia Ujiji haituhusu, huyu katoka ng'ambo."

"Mimi ndiye Ujiji," Rozalia akasema. "Ungeniuliza mimi."

Bi Ummy alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameegemezwa kwenye furushi, kichwa kimefungwa kitambaa safi. Ubavuni mwake mwanamke mmoja wa mji wa Baraka, ng'ambo, aitwaye Regina, aliyevuka na boti la Jumatatu ile ile, alikuwa anamlisha kwa kijiko huku wakisemezana Kibembe. Bi Ummy alikuwa anajibu. Tangu augue, hapakuwa na mtu aliyemjibu. Hidaya alisimama mlangoni mwa hema, na jambo hilo likamchoma kuliko vidonda.

"Mama, huyu unamfahamu?" mkuu wa kambi akauliza, akimwonyesha Hidaya. Regina akatafsiri.

Bi Ummy akatazama. Jicho lake moja, lile lisiloanguka, likakaa usoni kwa Hidaya. Kisha akageuza uso ukutani mwa plastiki, akasema maneno machache.

"Ye anasema," Regina akaeleza kwa Kiswahili cha ng'ambo, na mwenyewe hakupenda kuyaeleza, "huyu njo alikuwa analeta chakula, na akitoka anafunga mlango."

Mkuu wa kambi akafunga mikono kifuani. "Mmesikia. Mnataka nimrudishe kwa huyu?"

Afande Martini akakodoa macho kwa Hidaya. Dismasi akaangalia mwavuli wake. Yaliyobaki yalikuwa kwa Hidaya, naye alijua. Akitaka Bi Ummy arudi kwake, itabidi ayaanike ya tumboni mbele ya wanaume wanne aliokuwa hawajui jana. Akiyaanika, amemuuza mumewe kwa polisi. Na amejiuza mwenyewe. Akinyamaza, Bi Ummy atafia kwenye hema, na mgeni atalala chumbani kwake kwa dola.

Hidaya akavua viatu. Akapiga magoti mbele ya mkeka namna mwari anavyopiga kwa somo yake, mikono juu ya mapaja, uso chini, na akasema bila kuinua uso.

"Anasema kweli. Ufunguo nilikuwa nao mimi." Akafungua pindo, akautoa, akauweka juu ya mkeka. Akaitoa na kamba, akaiweka kando yake. "Kamba ni ya Swaibu, mume wangu. Alikuwa akimfunga mkono wa kulia, huu mzima, asubuhi akitoka, na jioni ndiyo anafunguliwa. Akijikojolea alimpiga makofi, mara nyingine kwa kandambili. Nilisikia. Nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikipeleka chakula nilimfungua, akimaliza nilimfunga, kwa sababu mume akimkuta hajafungwa ananipiga mimi. Majirani waliuliza, nikasema anaendelea vizuri. Wari wenzangu walikuja kumwona, nikasema amelala."

"Mama," Afande Martini akasema polepole, "unaelewa kwamba unajisemea na wewe?"

"Naelewa, afande. Andika."

Regina alikuwa anayarudia yote kwa Kibembe, neno kwa neno. Alipomaliza, hema zima likamsubiri mgonjwa. Bi Ummy akageuza uso taratibu. Akanyoosha mkono wake wa kulia wenye makovu, akaugusa ule ufunguo kwa kidole, akausukuma pembeni. Akasema maneno marefu, akapumzika, akasema tena.

Regina alijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Ye anasema, mimi njo nilimfundisha hivyo. Anasema, nilifundisha vibaya."

Hidaya alibaki magotini. Alipoomba kijiko, Bi Ummy alikaza mdomo akakataa, akaendelea kulishwa na Regina mpaka bakuli likaisha. Msamaha haukutolewa pale, na asidanganywe mtu kwamba ulitolewa. Ila mkuu wa kambi alipouliza kwa mara ya pili kama mama huyu anataka kurudi kwake, Bi Ummy aliitikia kwa kichwa kabla Regina hajamaliza kuuliza.

Swaibu alikamatwa barazani, mkononi ana sampuli za rangi ya madirisha. Alimwangalia mkewe akishuka kwenye gari jeupe pamoja na polisi, akasema, "Hidaya, wewe?" Neno hilo alilirudia mpaka walipomfikisha kona.

Hidaya naye alihojiwa, akalala mahabusu, akatoka kwa dhamana ya Rozalia, ndipo Bi Ummy akaletwa nyumbani kutoka kambini. Ndugu wa mume walikuja. Mzee Ramadhani, mkubwa wa ukoo, alikaa barazani akanywa kahawa kwa kashata mpaka zikaisha, kisha akasema kwamba mwanamke mwenye heshima angelimaliza jambo hili kwa wazee. "Umetuvua nguo, mwanangu."

"Shikamoo tena, baba," Hidaya akasema. "Yeye alipovuliwa nguo mlikuwa wapi? Msikiti ule pale. Mlipita hapa kila swala."

Mzee akachukua bakora yake, akaondoka, na tangu siku hiyo ukoo haumwamkii. Sokoni wapo wanaomwita aliyemfunga mumewe. Wateja wake wa mawese wengine walihama. Feliksi alirudi siku moja, amevua miwani, kuuliza kwa upole kama bado kuna uwezekano wa kupangisha vyumba viwili tu vya mbele. Hidaya alimpa maji ya kunywa, kisha akamwonyesha njia. Rozalia naye, kila wiki, huja kumgeuza Bi Ummy na kumsafisha mgongo, na safari nyingine huja na Dismasi kwa miguu, na mwavuli wake. Ndivyo walivyokubaliana ndani ya lile lori la unga, na mpaka sasa hawajakosa.

Usiku wa kwanza wa Bi Ummy kurudi nyumbani, upepo wa ziwani ulisukuma mlango wa chumba ukajifunga. Bi Ummy alipiga ukelele ambao mtaa mzima uliusikia. Hidaya alikimbia, akaufungua, akauegemeza kiti. Upepo ukasukuma tena. Asubuhi akamwita fundi yule yule aliyepaka chokaa, akamwambia aung'oe mlango wote, na bawaba zake, na komeo lake.

"Mama, chumba bila mlango?" fundi akauliza. "Watu watawaona."

"Ng'oa."

Mlango ule aliulaza juu ya matofali barazani, kwenye jua, na sasa ndiyo meza yake. Juu yake amepanga chupa za mawese na mafungu ya dagaa, na nyuma yake, kupitia uwazi wa chumba, Bi Ummy anaonekana kitandani, ameegemea mito, anaangalia watu wanaopita njia. Wateja wanaona komeo likining'inia ubavuni mwa meza. Wengi wanalipa na kwenda zao. Lakini yupo kila mara mmoja anayeinama kuchagua dagaa, akaligusa lile komeo kwa kidole, akauliza huu ulikuwa mlango wa nini.

Hidaya anamwambia. Anataja kamba, anataja ufunguo, anataja jina la mumewe, na la kwake haliruki.